Madirisha ya Dear ImGui kufunikana ovyo yanapochorwa kwa bgfx

Ndugu, umeeleza kwamba kiolesura chako cha Dear ImGui (maktaba ya C++ ya kutengeneza madirisha na vitufe vya programu) kilikuwa sawa ulipotumia OpenGL, kiolesura cha kuamuru kadi ya grafiki, moja kwa moja, lakini tangu uhamie bgfx (maktaba ya kuchora inayokaa juu ya OpenGL, Metal na nyinginezo) dirisha la nyuma hujitokeza juu ya lile la mbele na maandishi humezwa na rangi ya chini yake. Nimezitumia maktaba hizi mbili pamoja katika kihariri cha ramani za mchezo, na dalili unazozitaja nazifahamu.

Dear ImGui haichori chochote yenyewe. Kwa kila fremu (picha moja ya skrini) hukukabidhi vipeo (ncha za pembetatu za kuchorwa), faharisi zake (namba zinazoonyesha vipeo vipi viunganishwe) na mfululizo wa amri, ikitarajia amri hizo zitekelezwe kwa mpangilio uleule, kwa kuwa haitegemei kina (umbali wa kitu kutoka kwa mtazamaji): kinachochorwa baadaye ndicho kinachokaa juu. Kumbe bgfx imeundwa kuzipanga upya amri unazoipa ili kadi ya grafiki isibadilishwe hali mara kwa mara, jambo linalofaa sana kwa maumbo ya pande tatu ambayo kina chake hupimwa, ila kwa kiolesura ni balaa. Kitengee kiolesura mwoneko wake (view, yaani kundi la amri za kuchora katika bgfx), wenye namba kubwa kuliko ile ya mchezo ili uchorwe mwisho, kisha uuwekee ViewMode::Sequential kwa setViewMode, ili amri zake zifuate mpangilio ulizozitoa. Zima upimaji wa kina, na uwashe uchanganyaji wa alfa (uwazi wa rangi).

Ukimaliza hapo, kagua mstatili wa kukatia, ambao nje yake hakichorwi kitu. Dear ImGui hutoa pembe mbili za mstatili, ilhali setScissor ya bgfx hutaka pembe moja, upana na kimo. Kwa hiyo punguza DisplayPos (mahali eneo la kuchorea linapoanzia) kutoka kila pembe, zidisha kwa FramebufferScale (uwiano wa pikseli halisi kwa vipimo vya Dear ImGui), ndipo upate tofauti ya pembe hizo kuwa upana na kimo. Kwenye skrini za Retina za Mac, zenye pikseli nyingi zaidi, anayesahau kuzidisha huona sehemu tu ya dirisha, kisha hulaumu Metal, mfumo wa grafiki wa Apple, bure.

Kila kipeo kina baiti 20, na rangi yake ya baiti 4 lazima itangazwe kuwa ya kusawazishwa kati ya 0 na 1, la sivyo karibu kila kitu kitakuwa cheupe.

Kwa majedwali makubwa, kumbuka kuwa faharisi za kawaida ni za biti 16, hivyo orodha moja ya kuchora haivuki vipeo 65,536 mpaka uiarifu Dear ImGui kwa alama ya RendererHasVtxOffset na kupitisha VtxOffset (kipeo cha kuanzia) ya kila amri katika setVertexBuffer. Kabla ya kuomba bafa ya muda (kumbukumbu ya vipeo inayodumu fremu moja), uliza kwanza kwa getAvailTransientVertexBuffer kama nafasi inatosha.