Fonti zinapobadilika na kiolezo kinapogoma: chunguza folda ya mtumiaji kabla ya kusakinisha programu upya

Mwalimu, shikamoo. Nimelisoma swali lako kwa makini, na nitalijibu kwa urefu kidogo kwa sababu mambo matatu uliyoyaeleza yanafanana kwa dalili lakini kila moja lina chanzo chake. Umesema kwamba kila waraka mpya wa Word unafunguka na fonti usiyoitaka na karatasi isiyo A4, hata kama jana yake ulirekebisha vyote viwili. Umesema pia kwamba InDesign, programu ya kupanga kurasa, inapaka maandishi rangi ya waridi na kudai kuwa fonti haipo, ilhali wewe unaiona kwenye orodha ya Windows. Tena mtihani ulioupanga huko Urambo ukaenea kurasa nne, ulipofunguliwa kwenye steshenari ya hapa Tabora mjini ukawa wa kurasa tano. Ukaongeza kwamba umeiondoa programu na kuisakinisha upya mara kadhaa bila nafuu yoyote.

Naomba tuanze na hilo la mwisho, kwa kuwa ndilo linalowapotezea watu muda na bando la intaneti. Kusakinisha upya hakukusaidia kwa sababu faili lenye kasoro halikai pamoja na programu. Word huhifadhi kiolezo chake cha msingi, yaani faili la mfano ambalo kila waraka mpya hulifuata, liitwalo Normal.dotm, ndani ya folda binafsi ya mtumiaji wa kompyuta, na InDesign huweka mapendeleo yake (mipangilio uliyoichagua) katika folda ya mtumiaji huyo huyo. Programu ikiondolewa, mafaili hayo kwa kawaida hubaki, na programu mpya ikishaingia huyakuta na kuyatumia kama yalivyo. Ndiyo maana mtu akiniletea laptopu yenye tatizo la namna hii, kwanza huunda akaunti nyingine ya mtumiaji katika Windows, kisha huingia kupitia akaunti hiyo na kufungua programu ile ile. Mambo yakiwa sawa humo, tunajua kwamba programu ni nzima na kwamba kasoro iko katika mafaili ya akaunti ya kwanza. Kasoro ikiendelea hata katika akaunti mpya, hapo tutazitazama fonti zenyewe au programu yenyewe.

Kwa upande wa Word kuna jaribio jepesi zaidi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winword /a, kisha bonyeza Enter. Word itafunguka bila kupakia violezo vya jumla wala programu jalizi (add-ins). Ikitulia katika hali hiyo, funga Word na Outlook kabisa, bonyeza tena Windows na R, na safari hii andika %appdata%\Microsoft\Templates. Utaliona faili la Normal.dotm. Usilifute, kwa maana ndani yake huenda kuna vifupisho, makro au mitindo uliyoitengeneza kwa miaka. Libadilishe jina tu, kwa mfano Normal-zamani.dotm. Word ikifunguliwa tena na kukosa kiolezo chake, itaunda kingine kipya. Katika maeneo yetu ambako umeme hukatika ghafla na kompyuta nyingi za mezani hazina betri ya akiba, faili hili huharibika kirahisi, kwa kuwa Word huliandikia hasa wakati wa kufungwa.

Kiolezo kipya, hata hivyo, hakitakuletea fonti unayoipenda, bali kitaleta ile ambayo watengenezaji waliichagua kwa toleo ulilo nalo. Hadi Word ya 2003 fonti hiyo ilikuwa Times New Roman. Kuanzia Office ya 2007 ikawa Calibri. Na tangu mwaka 2023 watumiaji wa Microsoft 365 wanapewa Aptos. Kwa hiyo fungua waraka mtupu, bonyeza Ctrl na D, chagua fonti na ukubwa unaoutaka, kisha bofya "Set As Default" na ukubali kwamba badiliko hilo lihusu nyaraka zote zinazotokana na kiolezo cha Normal. Watu wengi huishia hapo, na karatasi inabaki vile vile, kwa sababu ukubwa wa karatasi una dirisha lake, lile la Page Setup, lenye kitufe chake cha "Set As Default". Kompyuta nyingi huja zikiwa zimewekewa Kiingereza cha Marekani, na kwa mpangilio huo karatasi ya kawaida ni Letter, yenye milimita 216 kwa 279, wakati A4 tunayoinunua madukani ni 210 kwa 297. Letter ni pana kidogo na ni fupi kwa milimita 18, hivyo mistari huvunjika mahali pengine na sehemu ya chini ya ukurasa hubaki tupu au mwisho wa maswali husogea ukurasa unaofuata. Baada ya kurekebisha Word, nenda pia kwenye mipangilio ya printa yako katika Windows uhakikishe kwamba nayo imeandikiwa A4, kwa maana printa ina kumbukumbu yake yenyewe.

Sasa tuje kwenye mtihani wa kurasa nne uliogeuka kuwa wa kurasa tano, jambo ambalo hulishuhudia karibu kila msimu wa mitihani. Mwalimu anaandika katika laptopu mpya yenye Microsoft 365, fonti ni Aptos kwa kuwa ndiyo aliyoikuta, kisha analeta flashi kwenye duka lenye Office ya 2013. Kwa kawaida faili la Word halibebi fonti yenyewe. Linabeba jina lake tu. Kompyuta ya dukani ikikosa jina hilo, huchukua fonti nyingine iliyo jirani, na kwa kuwa herufi za fonti mbili hazilingani upana, kila mstari hujaa mapema au huchelewa kujaa, na baada ya maswali ishirini tofauti hiyo imekwishakuwa nusu ukurasa. Michoro ya jiografia na majedwali ya hesabu ndiyo huumia zaidi, kwa sababu hufuata maandishi yanakokwenda.

Dawa ninayoiamini kwa mitihani ni kuchagua fonti ambayo ipo kila mahali, kama Times New Roman au Arial, na kuiweka ndani ya kiolezo ili mtu yeyote wa shuleni akianza mtihani mpya asilazimike kukumbuka chochote. Njia ya pili ni kupachika fonti ndani ya faili: katika chaguo za Word, sehemu ya kuhifadhi, kuna kisanduku cha "Embed fonts in the file". Hufanya kazi vizuri iwapo leseni ya fonti hiyo inaruhusu kupachikwa. Kama duka linatumia LibreOffice, programu ya bure inayofanya kazi kama Office, fahamu kwamba programu hiyo huja na fonti za Liberation, ambazo upana wa herufi zake umelinganishwa na Times New Roman, Arial na Courier New, na kuna Carlito iliyolinganishwa vivyo hivyo na Calibri. Sura ya herufi itabadilika kidogo, lakini mistari itabaki mahali pake. Kwa Aptos usitegemee bahati hiyo.

Rangi ya waridi ya InDesign inahitaji uchunguzi wa aina nyingine. Umesema fonti unaiona kwenye Windows, nami ninakuamini. Tangu Windows 10 toleo la 1809, mtu akibofya fonti mara mbili na kuisakinisha, kwa kawaida haiendi tena katika folda ya C:\Windows\Fonts. Huwekwa ndani ya folda ya mtumiaji huyo peke yake, na programu nyingi za zamani hazitazami huko. Ondoa fonti hiyo, kisha bofya faili lake kwa kitufe cha kulia cha kipanya na uchague "Install for all users". Utahitaji ruhusa ya msimamizi wa kompyuta. Funga InDesign na kuifungua upya.

Ikiwa waridi haitoki, fungua menyu ya Type na uingie kwenye dirisha la kutafuta fonti, usome jina lote hadi neno la mwisho. Mara nyingi kinachokosekana ni umbo nene (Bold) au la mlalo (Italic) la fonti hiyo tu. Word huweza kuunenepesha mwandiko wenyewe pale ambapo fonti nene haipo, lakini InDesign haikubali kughushi. Inataka faili halisi la herufi nene. Vilevile tazama kama fonti hiyo ni ya PostScript aina ya 1, muundo wa zamani wenye mafaili ya .pfb na .pfm, kwa kuwa Adobe, watengenezaji wa InDesign, ilikoma kuzikubali fonti hizo Januari 2023. Ofisi na parokia zenye mafaili ya miaka ya nyuma hukutana na jambo hili bila onyo. Humo hakuna cha kutengeneza. Tafuta toleo la OpenType, yaani muundo mpya zaidi, la fonti hiyo au uchague nyingine, na utumie dirisha hilo hilo kubadilisha waraka mzima kwa mara moja.

Kuhusu chaguomsingi za InDesign, yaani mipangilio ambayo kila waraka mpya huanza nayo, kanuni ni moja na ni muhimu sana: ukibadilisha fonti huku waraka umefunguliwa, umebadilisha waraka huo tu; ukibadilisha huku hakuna waraka wowote uliofunguliwa, umebadilisha nyaraka zote zitakazofuata. Scribus, programu nyingine ya kupanga kurasa ambayo ni ya bure na ninaipendekeza kwa shule zisizoweza kulipia Adobe, hufuata mgawanyo unaofanana: mapendeleo ya programu ni kwa ajili ya kazi zijazo, na mpangilio wa waraka ni wa kazi iliyo mbele yako. Mapendeleo ya InDesign yakivurugika kabisa, shikilia Ctrl, Alt na Shift mara tu unapoifungua, nayo itakuuliza kama iyafute. Katika CorelDRAW, programu ya kuchora mabango na nembo, hushikiliwa F8.

Naomba nizungumzie pia jambo ambalo hukuliuliza, lakini kwa kazi za huku kwetu litakufikia tu. Fonti nzuri nzuri za kadi za harusi zinazopakuliwa bure mara nyingi hazina alama zote. Majina ya Kinyamwezi na Kisukuma yamejaa Ng', na Word hugeuza kile kiritifaa kilichonyooka kuwa kilichopinda. Fonti ikiwa na kile kilichonyooka tu, utaona kisanduku katikati ya jina la bibi harusi, au kiritifaa kutoka fonti nyingine kabisa kisichofanana na herufi zinazokizunguka. Kabla sijaikubali fonti yoyote mpya, huandika mstari wa majaribio wenye Ng'wana, ng'ombe, alama za nukuu, na bei kama Sh. 25,000/=, kisha nauchapa kwenye karatasi. Jina la mtu kwenye kadi yake haliwezi kuachwa likiwa na kisanduku.

Kadi za nikahi nazo huhitaji Bismillahi kwa herufi za Kiarabu. Zikitokea zimeachana, kila moja peke yake, au zimepangika kinyume, usiilaumu fonti kwanza. Katika matoleo ya karibuni ya InDesign, chagua aya hiyo, fungua menyu ya paneli ya Paragraph, na uweke "Adobe World-Ready Paragraph Composer", kisha uelekeze maandishi kutoka kulia kwenda kushoto. Hifadhi mpangilio huo kama mtindo wa aya ndani ya kiolezo chako cha kadi ili usiurudie kila mteja anapokuja. Scribus ya 1.6 huziunganisha herufi za Kiarabu ipasavyo; matoleo ya 1.4 hayawezi.

Fonti zisizotumika nazo ziondoe. Kompyuta yenye maelfu ya fonti hufungua programu polepole, na fonti mbili zenye jina moja lakini matoleo tofauti huleta mkanganyiko ambao ni mgumu kuugundua.

Kazi inapokwenda kwa mchapaji, iwe hapa mjini, Mwanza au Dar es Salaam, mpelekee PDF. Ifungue katika Acrobat Reader, bonyeza Ctrl na D, uingie sehemu ya Fonts: kila jina linapaswa kufuatwa na maneno "Embedded" au "Embedded Subset". Jina moja likikosa maneno hayo, usiitume. Iwapo mchapaji anataka faili la InDesign lenyewe, tumia amri ya Package, ambayo hukusanya picha pamoja na fonti katika folda moja. Folda iitwayo Document fonts ikiwa kando ya faili, InDesign huzisoma fonti hizo bila kuzisakinisha. Scribus ina amri yake ya kukusanya, "Collect for Output". Wanaotumia CorelDRAW hupenda kugeuza maandishi kuwa mistari kwa Ctrl na Q, na ni njia ya uhakika kwa bango au nembo, lakini kwa ripoti ya AMCOS (chama cha ushirika wa wakulima) yenye kurasa arobaini itakufunga, kwa sababu kosa la tahajia likionekana halitarekebishika tena. Weka nakala ya asili kwanza.

Mwisho, nimeona katika picha uliyoambatisha kwamba ratiba za shule na kadi zako zimetengenezwa kwa Publisher, programu ya Microsoft ya kupanga kurasa. Microsoft imetangaza kwamba usaidizi wa programu hiyo utakoma Oktoba 2026, hivyo usijenge violezo vipya humo. Mafaili ya .pub uliyo nayo yafungue moja baada ya jingine, yahifadhi kama PDF, na vile violezo unavyovitumia kila muhula vipange upya katika Word au Scribus, ukianza na cheti cha kuhitimu, kwa kuwa ndicho chenye fonti nyingi kuliko vyote.