Mjane wa shambani na mtoto wa mbwa

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mjane, naishi na wanangu shambani, nje kidogo ya Muheza. Wezi wameshatuibia mbuzi usiku. Jirani ameahidi kunipa bure mtoto wa mbwa akishaachishwa ziwa. Wifi yangu amenitumia sauti ya mhubiri anayesema mwenye mbwa hakubaliwi swala siku arubaini, na mbwa apigwe mawe popote aonekanapo. Nimkatae? Na kama naruhusiwa, nijiandae vipi?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Pole mama kwa msiba, na pole kwa mifugo. Usimkatae.

Sauti hiyo imenifikia mimi pia, na imenikera. Swala kutokubaliwa siku arubaini kumekuja katika hadithi ya Muslim juu ya anayemwendea mpiga ramli kumuuliza jambo, na kukaja pia juu ya mnywaji pombe. Kumbandika mfuga mbwa adhabu hiyo ni kumsemea Mtume (s.a.w.) asichokisema, na hakuna mchezo mbaya kuliko huo. Hadithi ya mbwa ni nyingine, wameipokea Bukhari na Muslim: anayefuga mbwa hupungukiwa kila siku na qirati moja (yaani fungu) ya thawabu zake, isipokuwa mbwa wa mifugo, wa kuwinda au wa shamba. Huyo mhubiri ameishika hadithi kichwa, "isipokuwa" akaimeza. Wewe una mbuzi na una shamba.

Mhubiri atasema mtoto wa mbwa bado mchanga, halindi kitu. Hilo nalo wanazuoni wetu wa Kishafii walishalizungumza, na kauli yenye nguvu zaidi kwao ni kuwa inajuzu kumlea mtoto wa mbwa ili aje afanye kazi hizo. Kwa kuwa unapewa bure, suala la kukatazwa bei ya mbwa halikugusi.

Ama kupiga mawe, huo ni ukatili uliovishwa kanzu. Mtume (s.a.w.) ametueleza habari ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji kwenye kiatu chake, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, Mwenyezi Mungu akamsamehe. Na katika Suratul Kahf mbwa wa vijana wa pangoni ametajwa amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini.

Kizingitini, mama, si kitandani. Ipo hadithi kuwa malaika hawaingii nyumba yenye mbwa. Wanazuoni wamehitilafiana: Al-Khattabi amemtoa humo mbwa aliyeruhusiwa, Nawawi ameona ni kwa mbwa wote. Wewe mjengee banda nje, karibu na zizi, sakafu iinuke kidogo mvua isimfikie, nawe utakuwa umetoka katika hitilafu hiyo.

Mtengee vyombo viwili visivyorudi jikoni. Hivyo vyake huna haja ya kuviosha mara saba. Lakini akilamba sufuria yenu, ioshe mara saba, moja kwa udongo. Weka kopo la udongo safi kando ya pipa la maji, watoto walijue. Ukimgusa naye ni mkavu na mkono wako mkavu, hujanajisika. Kukiwa na unyevu, osha mara saba vivyo hivyo. Kanga ya kuswalia itundikwe ndani asikoifikia. Wasiwasi ukikuzidi, kumbuka kwamba Wamaliki, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Malik, wanamwona mbwa si najisi.

Usimchukue kabla ya wiki nane. Akitengwa mapema na mama yake hudhoofika, na hukua bila kujua kuzuia meno. Akiwa mdogo alishwe mara tatu au nne kwa siku, ugali laini wenye dagaa unatosha kuanzia. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, huvunjika ncha kali zikamchoma tumbo. Kabla hajafika, nenda kwa afisa mifugo wa kata uulize dawa ya minyoo na chanjo. Ya kichaa cha mbwa huchanjwa afikapo miezi mitatu, kisha hurudiwa kama atakavyokupangia. Kadi yake itunze. Hili usiliahirishe kwa ajili ya fedha. Ukikwama, waombe jamaa wa marehemu, na huyo wifi awe wa kwanza.

Wanao uwafundishe wasimsumbue anapokula wala wasimvute mkia. Akimng'ata mtu, au mbwa yeyote wa mtaani akimng'ata, jeraha lioshwe papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Usimpeleke kwa mganga, wala usingoje uone kama mbwa ataugua.