Wale si mwewe: namna ya kumtambua na kumhesabu kozi wa Amur anayepita Dar

Mkuu, umesema wiki jana jioni, mvua ilipokatika, uliona angani Goba "mwewe wadogo zaidi ya mia", wamenyamaza kimya, na jirani akakwambia ni uchuro. Umeuliza ni ndege gani na kama kuwahesabu kuna maana yoyote. Nimewafuatilia misimu saba kutoka kilima cha Salasala, kwa hiyo niwie radhi nikiandika kwa kirefu.

Kwa maelezo yako, hao ni kozi wa Amur. Hapa mjini kila ndege mwenye mdomo wa ndoana tunamwita mwewe, lakini mwewe mwenyewe humpita kunguru kwa ukubwa, na mkia wake una panda anayoipindapinda akiwa hewani. Kozi huyu ni mdogo kuliko kunguru, uzito wake haufiki hata robo kilo. Mabawa yamechongoka kama mundu, na akiwa mbali utadhani ni mbayuwayu aliyenenepa.

Ukiwa na darubini, usianze na mgongo. Subiri ainue bawa. Dume ni wa kijivu cha mkaa mwili mzima, mapaja na chini ya mkia ni rangi ya matofali, lakini kwapa la bawa ni jeupe pe. Hata jua likiwa linazama nyuma yake na rangi nyingine zimepotea, ule weupe unawaka na kuzimika kila anapopiga bawa. Jike ndiye anayesumbua: kifua cheupe chenye madoa meusi, mapaja ya rangi ya chungwa lililofifia. Msimu huohuo hupita pia kozi mwingine kutoka Ulaya, naye hufuata kumbikumbi vilevile. Huyo ana michirizi myeusi iliyoshuka kifuani, sharubu nyeusi zilizokolea, na miguu ya njano. Wa Amur miguu yake ni ya chungwa lililokolea. Mwaka wangu wa kwanza niliwachanganya, na kurasa nne za daftari nikazifuta zote, kwa sababu rekodi yenye shaka ni heri isiwepo.

Miguu hiyo niliiona kwa karibu siku ambayo sitaisahau. Kijana wa mtaani aliniletea jike aliyepigwa kwa manati, amemfunga ndani ya kipande cha kanga. Alikuwa mwepesi mno mkononi. Ngozi kuzunguka jicho ilikuwa ya chungwa kama miguu, na pembeni mwa mdomo lilikuwa limenasa bawa moja la kumbikumbi. Nilipompapasa kifuani, mfupa ulikuwa umesimama kama makali ya kisu, nyama zote zimeisha pembeni. Nikamweleza kijana kwamba ndege huyu amevuka bahari kutoka India. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa mzee, huko baharini alilala wapi?"

Hakulala. Huzaliana Mongolia, kaskazini mwa China na mashariki kabisa mwa Urusi, kandokando ya mto Amur uliompa jina. Oktoba hushuka hadi kaskazini-mashariki mwa India, hushiba hapo wiki kadhaa, kisha hukata India na Bahari ya Hindi moja kwa moja hadi pwani ya Afrika. Juu ya maji peke yake ni zaidi ya kilomita 3,000, siku kadhaa usiku na mchana bila mahali pa kutua. Anasukumwa na upepo uleule wa kaskazi uliokuwa ukileta majahazi. Kereng'ende nao huvuka msimu huo, na wataalamu wengine wanaamini ndio chakula chake cha njiani. Akifika kwetu vuli inanyesha, kumbikumbi wanatoka ardhini, naye anafuata mvua kwenda Msumbiji, Botswana na Afrika Kusini. Yule jike alikufa kabla ya alfajiri.

Mwaka 2012 huko Nagaland, India, kozi hawa walinaswa kwa nyavu na kuuzwa kitoweo, makumi ya maelfu. Picha zilipoenea, wanavijiji wenyewe wakakubaliana kuacha, na mwaka 2013 hakunaswa hata mmoja. Mwaka huohuo kozi watatu walivishwa vifaa vya setilaiti vya kuwafuatilia, mmoja akaitwa Pangti kwa jina la kijiji. Vifaa hivyo vilionyesha njia, lakini vinavaliwa na ndege wachache. Siku wanayofika Dar, wingi wao, na mvua iliyowaleta, hayo yanahitaji mtu aliyesimama chini anatazama. Ndiyo sababu nasema kuhesabu kuna maana.

Mimi husimama palepale kila jioni, tangu saa kumi na nusu hadi giza, kuanzia katikati ya Novemba mpaka Krismasi. Nimechagua mstari hewani kati ya mnazi wa jirani na mnara wa simu, na nahesabu wanaouvuka kwenda kusini tu. Wanaozunguka kula siwahesabu, maana utamhesabu mmoja mara tano. Kundi likiwa kubwa, nahesabu kumi kwa uhakika, naangalia kumi hao wamejaza nafasi gani, kisha napima kundi zima kwa nafasi hiyo. Naandika saa, upepo, mvua, na dume wangapi niliowaona kwapa. Kunguru wakianza makelele nainua macho, wao huwaona kabla yangu. Na siku isiyo na ndege naandika sifuri, kwa sababu bila sifuri hutajua walifika lini. Mwisho wa wiki naingiza yote eBird, tovuti ya kuhifadhi rekodi za ndege. Aprili narudia, ingawa wakirudi huwa wachache upande huu.

Jirani yako mwambie kwa upole ndege hao wamekuja kula kumbikumbi, na watoto wa hapo waombwe waweke manati chini wiki hizi mbili.

Sasa nijibu mawili, mkuu: walikuwa wakielekea wapi, na kuna yeyote uliyemwona kwapa?