Maswali ya Wasomaji: Swali la friza lisilojibiwa bado

SWALI: Ninafundisha fizikia Kidato cha Pili. Maabara yetu ina vifaa vichache, na wanafunzi hukariri kanuni bila kuuliza lolote, kana kwamba sayansi ilikwisha kabla hawajazaliwa. Nifanyeje?
Mwalimu, Lushoto

JIBU: Mwalimu, kisa kinachokufaa kilianzia wilayani mwako. Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari Magamba, mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, Erasto Mpemba, aliwahi nafasi ndani ya friza kwa kuingiza maziwa ya aiskrimu yakiwa bado ya moto, huku mwenzake akiweka yake bila kuyachemsha. Ya Mpemba yakatangulia kuganda. Mwalimu wake alimwambia kuwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza jambo hilo Dk. Denis Osborne, mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam. Wenzake walimcheka, lakini Osborne alikwenda kulijaribu, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja.

Fahari ya kisa hiki ni halali, ila wape wanafunzi swali lenyewe, yaani kama maji ya moto huweza kuganda kabla ya ya baridi, kwa kuwa watafiti wangali wanabishana. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, wa Uingereza, walipima upya wasione ushahidi wa kuridhisha, tena wakaonyesha kwamba kusogeza kipimajoto sentimita moja tu kunaweza kuleta matokeo ya kupotosha. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer, nchini Kanada, waliithibitisha tabia kama hiyo, si kwa maji yanayoganda, bali kwa chembe za kioo zisizoonekana kwa macho.

Kwa darasa lako vyatosha vikombe viwili vya bati vinavyolingana, kipimajoto na friza ya kuazima dukani. Maji ya moto uyamimine wewe. Kabla ya kuanza, waache wabishane maana ya kuganda: ni kufika nyuzi sifuri, kuonekana kwa barafu ya kwanza, au kuwa bonge zima? Nimeona mjadala huo ukiamsha hata wale wanaokaa nyuma kimya, kwani kila maana huweza kuleta mshindi tofauti. Kisha wapime uzito wa maji mwanzo na mwisho, maana ya moto hupungua kwa kugeuka mvuke.

Matokeo ya makundi yakipingana, usiyasahihishe. Yabandikwe ukutani, wabadilishe jambo moja tu, warudie. Atakayeuliza kama kikombe cha moto kiliyeyusha ukoga wa barafu uliokuwa chini yake, mkabidhi yeye kupanga jaribio linalofuata.