Rimoti ya Winchi ya Nanga: Waya Ufungwe Wapi?

Maswali ya wasomaji kwa mafundi wa vyombo

SWALI: Assalaam alaykum, mafundi. Nina boti ya matanga ya futi 38, naiweka Mkoani. Winchi ya nanga ni ya umeme, volti 12, wati 1,000, na inaendeshwa kwa swichi mbili za kukanyaga zilizopo omo (mbele ya boti). Mara nyingi tunakuwa wawili tu, na upepo wa kusi ukichachamaa sitaki kuuacha usukani. Nimenunua rimoti isiyotumia waya. Kipokezi chake kina waya mwekundu, mweusi, na jozi mbili za waya za kutoa. Nizifunge moja kwa moja kwenye mota?

JIBU: Waalaykum salaam, nahodha. Usizifunge kwenye mota, hata kwa kujaribu. Wati 1,000 kwa volti 12 ni kama ampea 83, na nanga ikinasa kwenye mwamba huzidi hapo. Rilei (swichi ndogo za umeme) zilizomo ndani ya vipokezi vya aina hii nyingi ni za ampea 10. Zitaungua, au zitagandana huku mnyororo unavutwa, na hilo la pili ndilo la hatari. Rimoti inafanya kazi ile ile ya swichi ya kukanyaga, yaani kuiwasha solenoidi, ile swichi nzito ya sumaku-umeme. Umeme mzito unapita kwenye solenoidi.

Basi itafute. Ni kisanduku chenye bolti nene zinazopokea nyaya za betri na za mota, na pembeni kina pini tatu ndogo: ya kupandisha, ya kushusha na ya pamoja. Mota yako ikiwa na nyaya nene mbili au tatu, upande huu mdogo haubadiliki.

Kabla ya kukata waya wowote, legeza klachi ya winchi ili mnyororo usitembee, kisha mtu akanyage swichi ya kupandisha nawe upime kati ya pini yake na hasi ya betri. Ikitoka 0 ikapanda hadi 12, swichi inapeleka chanya. Ikiwa inakaa kwenye 12 na kushuka hadi 0 inapokanyagwa, inapeleka hasi. Wengi wanaruka kipimo hiki, halafu wanashangaa fyuzi kukatika.

Sasa zima breka kuu (swichi ya kukata umeme wa winchi). Jozi ya kwanza ya kipokezi: waya mmoja kwenye chanya iliyopita fyuzi (au kwenye hasi, kama kipimo kilivyoonyesha), wa pili kwenye pini ya kupandisha, pale pale unapoingia waya wa swichi ya mguu. Jozi ya pili ifanye hivyo hivyo kwenye pini ya kushusha. Swichi za mguu ziache. Siku betri ya rimoti ikifa utazihitaji. Pima pia ukinzani wa koili (waya uliozungushwa ndani ya solenoidi): ukipata omu 8, umeme wake ni ampea 1.5 tu, kwa hiyo waya wa milimita mraba 1.5 na fyuzi ya ampea 5 vinatosha. Tafuta waya wa shaba uliopakwa bati. Shaba tupu hugeuka kijani ndani ya mpira wake kwa chumvi, na kwa nje huoni kitu.

Umeme wa kipokezi (waya wake mwekundu na mweusi) uchukue kwenye paneli iliyo karibu na betri, upite kwenye swichi yake peke yake. Usiuchukue kwenye bolti za winchi kule omo. Winchi inapoelemewa, volti za omo huanguka, kipokezi huzimika na kuwaka tena, na solenoidi huanza kugonga-gonga.

Kila koili iwekee daiodi (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu), mstari wake ukielekea upande wa chanya, maana koili ikizimwa hurusha cheche inayokula rilei za kipokezi. Kipokezi chenyewe kifunge mahali pakavu nyuma ya ukuta wa mbao au faiba, kisikae kwenye chumba cha mnyororo. Antena ya megahezi 433 ni waya wa sentimita 17 hivi: uache umenyooka, usiukunje wala kuukata.

Hali ya kipokezi iwe ya "kidole kikiondoka, inazima". Vingine, hasa vilivyotengenezwa kwa ajili ya mageti, hubonyezwa mara moja vikabaki vimewaka. Hicho usikitie chomboni mpaka ukibadilishe hali. Jaribu klachi ikiwa bado imelegezwa: bonyeza, tembea mpaka tezi (nyuma ya chombo), achia. Kisha bonyeza tena na uchomoe betri ya rimoti ukiwa umeshikilia. Winchi lazima isimame.

SWALI: Rimoti yetu ilikuwa nzuri kwa miezi. Juzi nimeachia kitufe, winchi ikaendelea kuvuta mpaka nanga ikagonga roli ya omo. Rimoti imekufa? (Nungwi)

JIBU: Pole, ndugu. Legeza klachi, chomoa nyaya ndogo za solenoidi, kisha washa breka, mikono ikiwa mbali. Mota ikizunguka, solenoidi ndiyo iliyogandana. Ibadilishe, kuipiga msasa hakudumu. Isipozunguka, huenda rilei ya kipokezi imekwama.

Lakini tafuta chanzo, la sivyo mpya nayo itaganda. Pima volti kwenye mota winchi ikivuta kwa nguvu. Zikiwa chini ya 10.5, kebo ni nyembamba au vichwa vyake vimeoza. Na msivute chombo kwa winchi: injini isogeze mbele polepole, winchi ikusanye mnyororo uliolegea. Breka nayo iwe mahali mtu anapofika kwa hatua mbili.

SWALI: Nikiwa usukanini sioni mnyororo. Nitajuaje nimeshusha mita ngapi?

JIBU: Upake rangi kila mita 10, kisha siku ya utulivu mtu akae omo na saa. Mita 10 zikichukua sekunde 20, mita 50 ni sekunde 100. Na hesabu zako zianze na maji kujaa. Bamvua letu linafika mita 4 hivi: ukitia nanga kwenye mita 5 maji yakiwa yamekupwa, yakijaa ni 9, ongeza mita 1 ya kimo cha omo, zidisha kwa 5, unapata mita 50 za mnyororo.

Wakati wa kung'oa, ukibakiwa na mita 3 achia kitufe. Hizo zipandishwe na mtu aliye omo anayeiona nanga.