Mi piace il caffè: anza na kichwa kinachouma

Maneno manne tu, lakini yanawakwaza wengi wanaojifunza Kiitaliano, hata wanaozungumza na Waitaliano kila siku huko Malindi na Watamu. Tatizo ni kuitafsiri haraka kuwa “napenda kahawa”. Ukishasema napenda, utatafuta neno la “mimi”, utapata io, kisha utaunda Io piaccio il caffè. Maana yake ikawa ovyo, kana kwamba wewe ndiye unayependeza.

Kiswahili kina njia bora. Chukua “kichwa kinaniuma”. Kiima ni kichwa. Mwenye maumivu yumo ndani ya kitenzi, kwenye -ni-. Kiitaliano kinafanya hivyohivyo: kahawa inanipendeza. Mi ndiyo -ni-, piace ni “inapendeza”, na il caffè ndicho kiima japo kimekaa mwisho.

Ukilishika hilo, wingi hautakusumbua. Husemi “miguu kinaniuma”, kwa hiyo usiseme mi piace gli spaghetti. Kwa Waitaliano spaghetti ni wingi: Mi piacciono gli spaghetti. Kinachohesabiwa ni vitu vinavyopendeza, si watu. Hata tukiwa mia tunaoipenda kahawa ile moja, ni ci piace il caffè.

Kubadili mtu, badili neno la mwanzo: mi (mimi), ti (wewe), gli (yeye mwanamume), le (yeye mwanamke), ci (sisi), vi (ninyi), gli (wao). Mgeni wa kuheshimiwa, awe mwanamume au mwanamke, muulize Le piace il caffè? Ukimtaja mtu kwa jina usisahau a: A Maria piace il caffè. A me hutumika badala ya mi kutia mkazo. A me mi piace utaisikia mitaani, ila usiiandike. Ukanushi ni non mbele ya mi, ti na wenzake: Non mi piace.

Il, kitangulizi cha nomino, hatuna mfano wake, ndiyo maana wengi huidondosha. Mi piace caffè ina kasoro. Jifunze kila nomino pamoja na kitangulizi chake, kama unavyojua kiti ni cha na mti ni wa: il caffè, lo zucchero, l’acqua, la pasta.

Matamshi nayo yana mtego. Ce husomwa “che”, lakini che husomwa “ke”. Piace basi ni “piache”. Mkazo wetu wa silabi ya pili kutoka mwisho unafaa hapo, ila unaharibu piacciono, ambayo mkazo wake uko mwanzoni: PIAcciono. Caffè mkazo uko mwishoni, na ff ishikilie kidogo kabla ya kuiachia.

Wakati uliopita hutumia essere (“kuwa”: è, sono), na kitenzi kinafuata jinsia ya nomino (ya kiume au ya kike) na idadi ya kilichopendeza: mi è piaciuto il caffè, mi è piaciuta la pasta, mi sono piaciuti gli spaghetti. Ho piaciuto ni kosa.

Kikifuata kitenzi, kiache katika umbo la kamusi, na piace ibaki ya umoja hata vikiwa viwili: Mi piace cucinare e leggere, napenda kupika na kusoma.

Kwa watu, tahadhari. Kumwambia mtu mi piaci kwa kawaida ni kumwambia unamtaka. Kama unamsifu mwenzako wa kazini, sema mi piace lavorare con te, napenda kufanya kazi nawe.