Kutoka Boxer cc 100 kwenda cc 650: mguu wa kushoto ndio utakaokuponza

Mkuu, umesema una miaka miwili na Boxer ya cc 100, umeona pikipiki BMW F650GS ya mtumba inauzwa na hela unayo, sasa unauliza uruke moja kwa moja au upitie cc 250 kwanza. Mimi niliruka. Boxer kama yako, BMW kama hiyo, ya mwaka 2004. Nipo hai, lakini ukiweza kuazima 250 hata kwa miezi mitatu, pitia huko.

Watu watakutisha na spidi. Mimi spidi haikunisumbua, mafuta unavuta mwenyewe, usipovuta haikimbii. Kilichonitesa ni mguu wa kushoto.

Boxer ya cc 100 gia zote nne unakanyaga mbele, na kupunguza unakanyaga kwa kisigino. Mguu wangu ulikuwa umekariri hivyo miaka mitatu. Hizi kubwa gia ya kwanza iko chini, zilizobaki unanyanyua kwa kidole. Nilielezwa, nikafanya mazoezi uwanjani, nikajiona nimeiva. Wiki ya pili natoka Chalinze kuelekea Morogoro, niko gia ya tatu, nataka kuingiza ya nne nilipite fuso la mahindi. Kichwa kikasema panda, mguu ukakanyaga. Ikaingia mbili. Nilivyoachia klachi injini ikapiga yowe, tairi la nyuma likakaza, mkia ukaenda kushoto, ukarudi kulia. Nikabana klachi tena, kwa woga tu wala si kwa ujuzi, ikanyooka. Nilisimama kwenye majani pembeni nikashindwa hata kufungua kamba ya helmeti, vidole havishiki. Fuso likanipita linapiga honi.

Boxer ingekutikisa kidogo yakaisha, maana nguvu yake haifiki farasi 10. Hii ina farasi 50 kwenye silinda moja, ikikuvuta kinyume inakuvuta kweli.

Kosa langu lilikuwa kuendesha zote mbili: asubuhi Boxer sokoni, jioni BMW. Baada ya siku ile Boxer nilimwachia mdogo wangu mwezi mzima, sikuigusa. Na wewe fanya hivyo, hata kama bodaboda wa kijiweni kwenu watakucheka unaenda kununua nyanya na cc 650.

Halafu uzito. Huu hauusikii ukiwa mwendoni, unausikia ukisimama. Boxer ni kilo mia na kidogo, ikilala unaiinua huku unaongea na simu. F650GS ikiwa na mafuta inapita kilo 190. Nimeanguka nayo mara tatu, zote mwendo wa konokono. Ya kwanza ilikuwa sheli. Tenki la hii pikipiki liko chini ya kiti, mdomo wake uko ubavuni kulia kwa nyuma. Pale mbele panapoonekana tenki ni gamba tu, ndani kuna betri na oili. Kijana wa pampu akawa anahangaika kutafuta mfuniko, nikageuka kumwonyesha, mguu ukakanyaga dizeli iliyomwagika. Basi. Tuliinua watu watatu, saiti mira ikabaki pale pale.

Ukiwa peke yako usiinue kwa mikono, utaacha kiuno hapo. Zima, ingiza gia ili isiteleze, kunja usukani mpaka mwisho, ipe mgongo, weka makalio kwenye kiti, kisha sukuma kwa miguu ukirudi nyuma hatua fupi fupi. Ikiwa imelalia kulia, toa stendi kwanza, isije ikapitiliza upande wa pili.

Breki: umezoea kukanyaga ya nyuma kwa sababu liningi ya mbele ya Boxer ni kama pambo. Huku diski ya mbele ndiyo breki yenyewe. Vidole viwili, bana kidogo, ongeza. Isipokuwa kwenye mchanga au usukani ukiwa umekunjwa; hapo iache. Na usiiburuze gia ya nne kwa spidi 30, itapiga cheni kama inaponda kokoto.

Angalia na leseni. Daraja A1 ni la pikipiki ndogo zisizozidi cc 125, hii inataka daraja A. Ukiwa na Boxer trafiki anaweza kukuacha upite, lakini hii wanaisimamisha hata kwa kutaka kuishangaa tu.

Siku ya kwenda kuiona, mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Shika injini, iwe baridi, ndipo iwashwe usikilize. Ila oili usiipime hapo. Inakaa kwenye tenki lake huko mbele, na pikipiki ikikaa muda bila kuwashwa inashuka kwenye injini, kijiti cha kupimia kinaonyesha imepungua wakati ipo. Fundi asiyejua anaongeza, inazidi, inatapikia kwenye boksi la hewa. Iendeshe mpaka feni iwake, iache iungurume dakika moja, zima, ndipo upime.

Kama uko Dar nicheki inboksi, Jumapili asubuhi nitakuja na yangu. Hutaipanda. Utaisukuma ikiwa imezimwa, uuzunguke mti mara tano kulia, mara tano kushoto. Ukishajifuta jasho na bado unaitaka, tutaenda kwa huyo muuzaji.